Ndege Niliowaita Shambani kwa Mama Nestori

Kama umepewa karatasi yenye jibu lako wiki hii, ukaikunja mara nne na kuisukuma ndani ya soksi, ninakuandikia wewe. Mimi yangu niliisukuma ndani ya soksi. Sitakueleza vijidudu vinaingiaje kifuani. Hayo wauguzi watakueleza vizuri kuliko mimi. Nitakueleza mambo niliyoyaonea aibu, kwa sababu aibu ilinisumbua kuliko kikohozi, na mara mbili ilikaribia kunizika.

Mimi ni bwana shamba. Kwetu ni Njombe, ila kazi ilinileta Kibondo, na kwa miaka minane sasa nahudumia wakulima wa Kitahana na vijiji vya jirani. Mke wangu, Agnesi, ni mwalimu wa shule ya msingi Kasulu. Anaishi huko na watoto wetu wawili, Tumaini na Neema, na mimi huwaendea kila mwisho wa mwezi. Tuliomba uhamisho mpaka tukachoka kuomba.

Kikohozi kilianza kiangazi, wakati watu wanasafisha mashamba kwa moto na Kibondo nzima inakohoa vumbi jekundu. Kisingizio nilikuwa nacho, tena kizuri. Mvua za kwanza zikaja, vumbi likatulia, watu wakaacha kukohoa, mimi nikaendelea. Nilitoboa mkanda tundu jipya kwa msumari, baada ya wiki chache nikatoboa jingine. Godoro nililitoa nje kila asubuhi likauke jasho. Nilisimama mbele ya vikundi vya wakulima nikiwafundisha nafasi za kupandia mahindi, leso mdomoni, na walipouliza nikasema ni aleji.

Hospitali ipo Kibondo, na huduma ya kifua kikuu ipo palepale. Niliipita kwenye gari nikiitazama kwa jicho la pembeni, nikaenda kupima Kasulu ambako hakuna mkulima anayenijua. Ndivyo nilivyofikiri. Wagonjwa wa kifua walikaa nje, kwenye mabenchi chini ya paa la bati lisilo na kuta, kila mtu ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mwenzake. Nilipokaa tu, mzee mmoja wa Murungu, mojawapo ya vijiji ninavyohudumia, akanigeukia. Alikuwa mwanafunzi wangu wa semina ya mbolea.

Alinisalimu kwa heshima na kuniuliza kama nami naumwa. Nikamwambia nimemleta mgonjwa. Akasogea ili mgonjwa wangu apate nafasi, kisha akauliza yuko wapi. Nikaonyesha chooni. Tukakaa mimi na yule mzee, tukimsubiri mgonjwa wangu atoke chooni, tukaongea habari za mbegu na mvua, mpaka muuguzi akatoka na kikopo cha makohozi na kusoma majina yangu yote matatu. Mzee akainama, akatazama viatu vyake. Hadi leo tukikutana sokoni hajawahi kulitaja jambo hilo. Natamani angecheka tu, yaishe.

Jibu lilikuja: kifua kikuu. Miezi miwili ya vidonge vingi, miezi minne ya vichache, kila siku bila kuruka. Agnesi akapeleka watoto kupimwa. Walikutwa wazima, lakini Neema, mwenye miaka mitatu, akaandikiwa dawa ya kinga kwa sababu alikuwa analala kifuani kwangu kila nilipokuja. Asubuhi ya kwanza alilia, akakaza meno, mama yake akamshika mashavu. Nilikuwa sebuleni kwenye godoro nililotandikiwa, madirisha yote wazi, nikisikia.

Hakuna aliyemwambia Agnesi atenge sahani yangu. Aliitenga mwenyewe. Siku ya tatu aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba nilikohoa miezi minne huku nawabeba watoto wake. Alisema watoto wake, hakusema watoto wetu. Nikafunga begi, nikasema nitakwenda kuponea Kitahana, na yeye hakunizuia.

Muuguzi wa Kibondo alipokea barua yangu ya uhamisho wa matibabu kutoka Kasulu, akataka jina la msimamizi, yaani mtu wa kuniona kwa macho nikimeza kila siku na kuweka alama kwenye kadi. Mwishowe nikamtaja jirani yangu, Mama Nestori, kwa sababu tu nyumba yake ndiyo ilikuwa karibu na choo tulikuwa tunatumia kimoja.

Mama Nestori ni mjane. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye akakulia kambini, siku hizi ni raia na analima ekari mbili nyuma ya ua wangu. Nilipanga kumwambia dawa ni za nimonia. Nilipotoa boksi alilitazama, akanitazama, akasema dawa hizo anazijua. Akaenda jikoni kwangu kuchota maji. Kesho yake alfajiri akanisalimu kwa Kirundi, "Mwakeye, bwana shamba," akasimama mlangoni mpaka nikameza, akachora kijistari kwenye kadi, akaenda shamba. Akafanya hivyo kila siku. Mara nyingine aliacha uji wa mtama kwenye kikombe kilekile wanachonywea wanawe, na mimi nilikirudisha kikombe nikiwa nimekisugua mpaka kinang'aa.

Niliambiwa nikae nje kwenye hewa. Nikaweka kiti chini ya mparachichi, ruhusa ya ugonjwa mkononi, miguu miembamba kama ya mtoto wa shule. Magoti yaliuma. Ngozi iliwasha. Mkojo uligeuka mwekundu kwa dawa. Niliambiwa ni kawaida, lakini choo ni cha nyumba mbili, basi kila nilipoingia nilibeba ndoo ya maji kufuta ushahidi. Wapita njia walinisalimu kutoka barabarani. Zamani walikuwa wanaingia.

Siku ya kumi na moja ndege akaja. Alikuwa shore, yule wa kichwa cheusi mwenye kelele nyingi, akatua kwenye beseni nililonawia mikono, akanywa, akaoga kabisa, akajikung'uta mbele yangu. Huenda utacheka, lakini ukimtoa Mama Nestori alikuwa kiumbe wa kwanza kunisogelea bila kuziba pua tangu nirudi. Nilitokwa na machozi nikiwa na suruali iliyofungwa kwa kamba.

Nikaanza kuwaita. Nilitafuta sinia la zamani, nikaweka mawe katikati ili wadogo wasizame, nikalijaza maji kina cha kidole. Nikaliweka karibu na kichaka ili wakishtuka wawe na pa kukimbilia, lakini si karibu kiasi cha paka kujificha. Nikapasua papai na kulichomeka kwenye msumari. Shore wakalimaliza kwa siku moja. Migomba yangu ilipochanua, ndege wadogo waitwao chozi wakaja kunyonya maua, wanang'aa kama shanga. Kona moja ya uwanja nikaacha majani yakomae na kutoa mbegu. Halafu nikatuma mtu wa bodaboda aniletee mtama sokoni, nikawa namwaga konzi mbili kila nikishameza dawa. Wakaja chiriku. Kwanza wachache, kisha kundi, kisha sikuweza tena kuwahesabu. Mparachichi wote ulikuwa unaongea.

Miezi miwili ya kwanza iliisha hivyo. Kikohozi kikakatika, mashavu yakarudi, tundu la pili la mkanda nikaliacha. Nakwambia kweli, bila ndege wale ningejifungia ndani nikageukia ukuta.

Lakini mimi ni bwana shamba. Kila msimu ninasimama mbele ya wakulima na kuwaambia wafyeke vichaka pembeni mwa shamba, wasiache nafaka imemwagika, wasiwape ndege pa kutua wala pa kulala. Nina picha ukutani nikifundisha hayo. Na hatua ishirini kutoka kwenye kiti changu, nyuma ya ua, ulikuwa mtama wa Mama Nestori. Nilipoanza kumwaga punje ulikuwa unafika magotini, na mimi nilijiambia bado mapema. Ningemkuta mkulima anafanya nilichokuwa nakifanya, ningemsema mbele za watu.

Yeye aliona. Asubuhi moja alisimama na kadi mkononi, akaangalia sinia, akaangalia mti, akasema zinakuja nyingi. Nikamjibu kwamba zinanifariji. Akasema "Ego," yaani sawa, akaenda zake.

Kufikia Aprili mtama ulikuwa umetoa masuke, na punje zikajaa maziwa. Hapo nikaogopa, nikaacha kumwaga. Kosa juu ya kosa, maana ndege niliokuwa nawalisha hawakurudi walikotoka. Walivuka ua tu. Niliwatazama wakipaa kutoka kwenye mparachichi wangu kwa pamoja, wakishuka shambani kwake, wakishtuliwa, wakirudi kwangu kupumzika na kunywa maji. Nikasikia Mama Nestori akigonga debe tangu jua halijatoka. Ningeweza kwenda kumwambia kosa ni langu. Badala yake niliondoa sinia kimyakimya nikalificha nyuma ya tangi la maji, kama mwizi anayeficha panga.

Ndege hula sana alfajiri, na alfajiri ndiyo ilikuwa saa yangu ya dawa. Akaanza kuchelewa. Ikawa saa tatu, ikawa saa tano. Mwisho aliniambia mimi ni mtu mzima na msomi, nimeze mwenyewe, yeye atapita jioni kuweka alama.

Wiki ileile ofisi ikaniita kwenye semina ya siku mbili Kasulu, ya mabwana shamba wa wilaya zetu, hotelini, vyoo vya pamoja. Nilifikiria mkojo mwekundu, nikiwa nimesimama bega kwa bega na wenzangu. Nikaacha dawa siku ya kuondoka na siku zile mbili. Sikwenda hata kumsalimu Agnesi, nyumba iko mwendo wa dakika kumi. Niliporudi Kitahana mkojo ulikuwa safi, mweupe, mara ya kwanza kwa miezi minne. Nilifurahi kama mtu aliyepewa cheti. Nikasema siku moja zaidi. Kesho yake nikasema hivyo tena. Sikuwa nakohoa, suruali inakaa kiunoni, tumbo halichafuki. Nilijiona mzima, nikajipa ruhusa.

Kila jioni Mama Nestori alikuja na vumbi mpaka kwenye nyusi, sauti imekauka kwa kufukuza ndege.

Akauliza kama nimemeza. Nikasema nimemeza. Akachora kijistari. Na dozi za semina aliniuliza kwa pamoja, nikasema nilimeza zote. Siku tisa. Nimeandika sentensi hii mara nyingi nikaifuta, lakini bila hiyo hakuna sababu ya wewe kusoma mengine: kwa siku tisa nilimdanganya mwanamke ambaye shamba lake lilikuwa linaliwa na ndege niliowaita mimi.

Siku ya kumi ilinyesha tangu asubuhi. Ndege hawakutoka, na yeye akaja alfajiri kama zamani. Alitaka boksi. Nikasema nitaleta, akaingia akalichukua mwenyewe. Akavipanga vidonge mezani, akavihesabu kwa kidole, akachukua kadi akahesabu vijistari vyake. Akarudia. Kisha akavuta kiti akakaa, na tangu aanze kunisimamia hakuwahi kukaa ndani ya nyumba yangu.

"Nestori alikuwa bado mgongoni," alisema. "Kule kambini. Baba yake alinona, akanenepa hivi hivi kama weye. Akasema, nimepona. Kila siku namuuliza, ananiambia nimemeza. Tulipokwisha kumzika ndipo nikazikuta dawa, amezifukia nyuma ya choo."

Nikamwomba radhi kwa habari ya ndege.

"Za ndege usiniambie," alisema. "Niliona kuanzia siku ya kwanza. Nilitaka kuja kumwaga ile sinia yako. Lakini weye ulikaa nje, ukawa unacheka nazo. Mume wangu alijifungia ndani. Nikasema, basi zidonoe, mtu apone."

Sijawahi kupigwa na maneno kama hayo, na hakuyasema kwa hasira. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikitazama vidonge vile vimepangwa. Aliniambia nivae viatu.

Tulikwenda na bodaboda mbili kwenye mvua. Benchi la Kibondo, lile nililolikimbia, lilikuwa limejaa, na watu wanne walinijua kwa jina. Muuguzi aliuliza nimekosa dozi ngapi, mlango uko wazi. Nikasema tisa. Akauliza sababu. Nikatafuta uongo wenye heshima, nikamwona Mama Nestori amesimama na kitenge kinachuruzika, nikasema niliona aibu ya mkojo. Mtu mmoja kwenye benchi alikohoa, au alicheka, sijui. Muuguzi hakucheka. Alisema wengi wanaacha kwa sababu hiyo na hawasemi, akanipa kikopo.

Kulikuwa na siku tatu za kungoja jibu. Kama kifua kilikuwa kimerudi ningeanza upya, huenda na dawa kali zaidi, na watoto wangepimwa upya wakiwa na baba aliyejua alichokuwa anafanya. Sikulala vizuri wala sikula. Lakini alfajiri zote tatu nilikuwa ndani ya shamba la Mama Nestori nikigonga debe. Sikumwomba ruhusa, nilivuka tu ua. Niliwafukuza ndege niliowazoesha sauti yangu, na walichukua muda kuniogopa. Baadhi walitua kwenye suke lililo karibu yangu wakinisubiri nimwage. Hilo nalo lilinitia aibu.

Jibu lilikuja safi. Wakaniongezea siku nilizokosa, na onyo. Tangu hapo Mama Nestori aliniletea dawa mpakani mwa shamba, asubuhi, watu wakipita kwenda mashambani kwao. Nilimeza. "Fungua," alisema, nami nikafungua mdomo. "Inua ulimi." Nikainua. Mtaalamu wa kilimo wa kata, na debe mkononi, anakaguliwa kinywa kama mbuzi mnadani. Wakulima wangu waliona. Wengine walisimama kabisa. Wiki ya pili walishazoea, wakawa wananisalimu huku mdomo wangu uko wazi, na mmoja akaniuliza habari za viwavi hapohapo. Kama na wewe unaogopa kuonekana, hilo ndilo ninaloweza kukuambia: watu huchoka kukutazama mapema kuliko unavyodhani.

Na kama unataka ndege nyumbani kwako, maana najua mtu mgonjwa anataka kitu kinachotembea mbele ya macho, weka maji na maua. Nafaka usimwage kabla hujaangalia nyuma ya ua nani amelima nini.

Tulivuna mwanzo wa kiangazi. Nilibeba masuke kwa mgongo wangu, mgongo ambao mwezi wa kwanza haukuweza kubeba begi, na nilitamani mzigo uwe mzito zaidi. Siku ya dozi ya mwisho nilimeza, nikafungua, nikainua ulimi. Mama Nestori alitazama muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akauliza kama mke wangu anajua habari za zile siku tisa. Nikasema hajui. Akaikunja kadi akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Utaichukua ukitoka Kasulu," alisema.

Nilimkuta Agnesi uani anachambua maharage kwenye ungo. Neema alinikimbilia, nikamsimamisha kwa mkono kwa mazoea, kisha nikakumbuka naruhusiwa, nikamnyanyua. Nilipomweka chini nilieleza yote: benchi na mzee wa Murungu, choo na ndoo, sinia, semina niliyopita mlangoni kwake, siku tisa, boksi mezani. Vidole vya Agnesi viliendelea kutoa mawe.

Nilipomaliza aliuliza yule mama alivuna kiasi gani. Nikamwambia gunia moja, halikujaa. Akauliza mwaka jana alipata mangapi. Matatu, nikasema.

Alipepeta ungo, akapuliza makapi. Nilingoja aniulize kifua changu kikoje, hakuuliza. Aliuliza msimu ujao nitasimamaje mbele ya yule mama kumfundisha kulima. Jibu ninalitafuta hadi leo.